Aina za virusi vya kompyuta: linganisha mlango vinaoingilia, kisha chagua kinga

Mtu akisema "kompyuta yangu imeingiwa na virusi" anaweza kumaanisha chochote. Mashine imekuwa nzito, matangazo yanajitokeza yenyewe, mafaili hayafunguki, akaunti imeingiliwa na mtu asiyejulikana. Katika maongezi ya kawaida hilo halina ubaya. Ugumu unaanza pale anapotaka kujikinga au kujitibu, kwa sababu dawa ya moja kati ya mambo hayo mara nyingi haigusi kabisa jingine. Aliyeweka programu ya kuzuia virusi akaacha kusasisha mfumo wake bado yuko wazi kwa minyoo, yaani programu zinazojisambaza zenyewe kwenye mtandao. Anayesasisha bila kukosa lakini hana nakala ya kazi zake anaweza kuamka akakuta picha za miaka mingi hazifunguki tena.

Jina la jumla la vitu hivi vyote ni programu hasidi, na kirusi ni aina moja tu ndani yake. Sidhani kuna haja ya kukariri orodha nzima ya majina. Inatosha kuuliza maswali mawili kuhusu kila aina: inaingiaje, na ikishaingia inafanya nini? Swali la kwanza linakuonyesha namna ya kuzuia. La pili linakuonyesha namna ya kujiokoa pale kuzuia kuliposhindikana. Nitazilinganisha kwa maswali hayo, kisha nitasema ni kinga ipi ningeitanguliza kwa mtumiaji wa aina gani.

Kirusi na mnyoo

Kirusi, kwa maana yake halisi, ni kipande cha msimbo kinachojibandika kwenye kitu kingine: programu, hati, au ile sehemu ya diski inayosomwa kompyuta inapowaka. Peke yake hakiendi popote. Mpaka mtu afungue programu ile au awashe mashine na diski ile, ndipo kinaamka na kujinakili. Mnyoo hauhitaji pa kujishikiza wala mtu wa kuuamsha. Ni programu kamili inayotafuta yenyewe kompyuta nyingine kwenye mtandao, inapenya kwenye tundu la kiusalama, na huko inaanza upya kutafuta nyingine.

Tofauti hiyo inaonekana kwenye kasi. Elk Cloner, kilichoandikwa mwaka 1982 na Rich Skrenta akiwa bado mwanafunzi wa sekondari nchini Marekani, kilisambaa kupitia diski laini za kompyuta za Apple II, na kila mara ya 50 diski ilipotumika kuwashia mashine kilionyesha shairi fupi kwenye skrini. Brain, cha mwaka 1986, kiliandikwa na ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, Basit na Amjad Farooq Alvi, ambao waliacha ndani yake majina yao na namba za simu. Virusi hivyo vilisafiri kwa mwendo wa mikono ya watu, diski ikitoka kwa huyu kwenda kwa yule.

Sasa weka kando yake mnyoo. Tarehe 2 Novemba 1988, Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliachia programu iliyokadiriwa kufikia kompyuta 6,000 kati ya takriban 60,000 zilizokuwa kwenye intaneti wakati huo. Madhara makubwa yalitokana na uamuzi mmoja katika msimbo wake: hata kompyuta ilipojibu kwamba tayari inao, mara moja katika kila saba mnyoo ulijinakili tena hapohapo. Nakala zilirundikana mpaka mashine zikakosa pumzi. Morris akawa mtu wa kwanza kutiwa hatiani na baraza la wazee wa mahakama chini ya sheria ya Marekani ya udukuzi wa kompyuta ya mwaka 1986.

Mfano wa Slammer unanigusa zaidi, kwa sababu unaonyesha jinsi uangalifu wa mtumiaji usivyofaa kitu mbele ya mnyoo. Ulitokea tarehe 25 Januari 2003. Msimbo wake wote ulikuwa baiti 376, yaani mfupi kuliko aya hii, na ulienea ndani ya kifurushi kimoja cha data. Ulipenya kwenye tundu la programu ya hifadhidata ya Microsoft, ukakaa kwenye kumbukumbu bila hata kuandika faili kwenye diski, ukaanza kujirusha kwa anwani za kubahatisha. Mwanzoni idadi ya mashine zilizoambukizwa ilijizidisha mara mbili kila baada ya sekunde 8.5, na ndani ya dakika kumi sehemu kubwa ya mashine zenye tundu lile zilikuwa zimekwisha kupatwa. Hakuna aliyebofya chochote. Hakuna aliyefungua kiambatisho. Ukizima na kuwasha seva mnyoo unapotea, lakini baada ya muda mfupi unarudi, maana tundu bado lipo. Na sasisho la kuziba tundu hilo lilikuwa limetolewa Julai 2002, miezi sita nyuma.

Kwa hiyo ukichagua kinga dhidi ya mnyoo, chagua masasisho, tena kwa kujiendesha yenyewe badala ya kungoja ukumbuke. Dhidi ya kirusi cha kujibandika, kinachofaa ni kuchunguza faili kabla ya kulifungua.

Virusi vya makro viko katikati. Makro ni amri zinazojiendesha ndani ya hati za Word na Excel, na tangu mwaka 1995 kilipotokea kirusi kilichoitwa Concept, hati ya kawaida ikawa inaweza kubeba ugonjwa. Melissa, cha Machi 1999, kiliongezea miguu: hati ikifunguliwa, kinajituma kwa barua pepe kwa anwani 50 za kwanza za mwenye kompyuta. Mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzuia makro kwenye hati zilizotoka intaneti bila kumuuliza mtumiaji, na mlango huo umepungua upana sana. Lakini bado utakutana na hati inayokuomba ubofye kitufe cha kuruhusu maudhui "ili isomeke vizuri". Hati ya kusomwa haihitaji makro. Ikatae.

Flashi yenye mishale

Aina hii naitenga kwa sababu ndiyo inayowasumbua watu wengi wanaobadilishana kazi kwa flashi, na kwa sababu wengi huimaliza vibaya kwa kufuta kila kitu.

Zamani Windows ilikuwa na tabia ya kuendesha yenyewe programu iliyo kwenye flashi pindi inapochomekwa. Conficker, mnyoo uliotokea Novemba 2008, uliitumia tabia hiyo pamoja na njia nyingine mbili: tundu la Windows ambalo sasisho lake lilitoka Oktoba mwaka huohuo, na kubahatisha nywila dhaifu za folda za pamoja. Microsoft iliizima tabia ya kujiendesha kwenye Windows 7, na Februari 2011 ikatuma sasisho la kuizima kwenye matoleo ya nyuma. Waandishi wa virusi wakabaki na shida moja: sasa lazima mtu abofye. Wakabuni njia ya kumfanya abofye bila kujua.

Unachomeka flashi, unaifungua, unaona folda zako zote zipo kwa majina yake. Ukitazama vizuri, kila moja ina mshale mdogo kwenye kona ya chini, na ukubwa wake ni kilobaiti moja au mbili. Hizo ni njia za mkato tu. Ukibofya mojawapo, mambo mawili yanatokea kwa mfuatano: kwanza msimbo uliofichwa unaendeshwa na kujinakili kwenye kompyuta, halafu folda halisi inafunguka mbele yako kama siku zote. Kwa kuwa umekipata ulichokuwa unakitafuta, hushtuki. Flashi nyingine yoyote itakayochomekwa kwenye mashine hiyo inapata mishale ileile.

Dalili ya kutia moyo iko kwenye sifa za flashi: nafasi iliyotumika ni ileile ya zamani. Kazi zako hazijaguswa, zimefichwa. Kwenye dirisha la amri la Windows, andika amri hii ukiweka herufi ya flashi yako mahali pa E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda halisi zitarudi kuonekana. Hapo ndipo unafuta njia za mkato zote pamoja na mafaili ya ajabu usiyoyatambua yenye viishio (herufi za mwisho za jina la faili) kama .vbs au .js. Ila safisha kompyuta kwanza. Ukianza na flashi huku mashine bado inaumwa, utairudisha mishale yote utakapoichomeka tena.

Trojani

Trojani haijinakili. Haijibandiki kwenye faili wala haitafuti mtandao. Inakaa mahali ikisubiri umchukue mgeni mwenyewe na kumpa kiti: programu ya kulipia inayogawiwa bure ikiwa imevunjwa ufunguo, tangazo linalosema kivinjari chako kimepitwa na wakati, programu ya simu iliyopakuliwa nje ya duka rasmi, hata programu inayojidai kuzuia virusi. Kikulacho ki nguoni mwako, na huku umekivaa kwa mikono yako.

Ukilinganisha na mnyoo, mambo yanageuka. Masasisho yanasaidia kidogo tu, kwa sababu trojani haihitaji tundu lolote. Ruhusa umeitoa wewe. Kinachoamua ni chanzo cha programu na jicho la anayebofya. Programu ya kuzuia virusi nayo inafaa hapa kuliko mahali pengine pote, kwa kuwa inapata nafasi ya kulichunguza faili kabla halijaendeshwa.

Hadaa yenyewe inaweza kuwa ndogo mno. Tarehe 4 Mei 2000, watu duniani kote walipokea barua pepe yenye kichwa ILOVEYOU na kiambatisho LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Kwa uenezi wake ulikuwa mnyoo, kwani ulijituma kwa kila anwani iliyokuwa kwenye kitabu cha mwathirika, lakini mlango wake ulikuwa wa trojani. Angalia lile jina la faili. Windows, kwa mpangilio wake wa kawaida, huficha kiishio cha faili inachokijua. Kwa hiyo .vbs ya mwisho, inayomaanisha kwamba faili hili ni programu, haikuonekana. Mpokeaji aliona .TXT, akadhani ni maandishi matupu. Mtuhumiwa alipatikana Ufilipino, lakini kesi ilikufa kwa sababu nchi hiyo haikuwa na sheria ya kosa hilo. Bunge lake liliipitisha baada ya tukio.

Windows inaficha viishio mpaka leo. Fungua mipangilio ya folda, washa vionekane. Ni jambo la dakika moja, na faili linaloitwa "ankara.pdf.exe" halitakudanganya tena.

Hatari nyingine ni kwamba trojani mara nyingi ni mtangulizi. Emotet ilianza mwaka 2014 kama mwizi wa taarifa za benki, kisha wamiliki wake wakaona kuna faida zaidi kuwauzia wahalifu wengine nafasi ya kuingia kwenye mashine walizokwisha kuziteka. Polisi wa nchi kadhaa walizima seva zake Januari 2021. Novemba mwaka huohuo ikaonekana tena. Ndiyo maana ukigundua trojani haitoshi kuifuta yenyewe ukapumua. Uliza imeleta nini kingine.

Anayepiga kelele na anayenyamaza

Hapa tunafika kwenye swali la pili, la kazi inayofanywa baada ya kuingia. Programu ya kudai fidia na programu ya kijasusi zinaweza kupita mlango uleule, hata barua pepe ileile, lakini ukijiandaa kwa moja hujajiandaa kwa nyingine.

Ya kudai fidia inataka uijue. Inasimba mafaili yako yasisomeke, kisha inaandika skrini nzima kiasi inachotaka na muda uliobaki. Ya kwanza inayojulikana ilisambazwa mwaka 1989 kwa diski laini zipatazo 20,000 zilizotumwa kwa posta zikijifanya zina taarifa kuhusu UKIMWI. Ilihesabu mara kompyuta ilivyowashwa, na ilipofika 90 ikayafunga majina ya mafaili na kudai dola 189 zipelekwe kwenye sanduku la posta Panama. Usimbaji wake ulikuwa hafifu na wataalamu waliufungua. Za sasa zinatumia jozi ya funguo: mmoja unafunga, na ule wa kufungulia unabaki kwa mwizi. CryptoLocker ya mwaka 2013 ndiyo iliyowaonyesha wahalifu kwamba biashara hiyo inalipa. Kazi ya kufunga ikishamalizika na msimbo ukawa umeandikwa bila kosa, hakuna fundi atakayekufungulia kwa ustadi wake.

Kinachookoa ni nakala, na zaidi ya hapo ni nakala iliyotenganishwa. Diski ya nje iliyochomekwa muda wote itasimbwa pamoja na kompyuta. Folda inayojioanisha na wingu itayabadilisha mafaili mazima kwa yale yaliyosimbwa, isipokuwa kama huduma hiyo inahifadhi matoleo ya nyuma. Tukio la NotPetya la tarehe 27 Juni 2017 linaonyesha uzito wa jambo hili. Liliingia kupitia sasisho la programu ya uhasibu ya Ukraine iitwayo M.E.Doc, likaenea ndani ya mitandao ya kampuni kubwa za nchi nyingi. Lilionyesha ujumbe wa kudai fidia, lakini hapakuwa na njia ya kumrudishia mtu data zake hata angelipa. Lilikuwa ni la kuharibu tu. Kampuni ya meli ya Maersk ilipoteza seva zake karibu zote za kusimamia watumiaji. Nakala iliyosalia ilipatikana kwenye ofisi yake ya Ghana, ambako umeme ulikuwa umekatika kabla ya shambulio na mashine ikawa nje ya mtandao. Kampuni nzima ilijengwa upya kuanzia hapo.

WannaCry, iliyotangulia kwa wiki chache, tarehe 12 Mei 2017, ni mfano wa aina mbili katika mwili mmoja: miguu ya mnyoo, mikono ya mdai fidia. Ilifikia kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, zikiwemo za hospitali za Uingereza, ikidai dola 300 za bitcoin kwa kila moja. Ilipungua kasi baada ya mtafiti Marcus Hutchins kusajili jina la tovuti ambalo programu ile ililiuliza kabla ya kuanza kazi. Sasisho la kuziba tundu lake lilikuwa limetoka Machi mwaka huohuo. Aliyekuwa amesasisha hakuhitaji nakala; aliyekuwa na nakala alipoteza siku tu. Waliokosa vyote viwili ndio walioumia.

Programu ya kijasusi ni kinyume chake. Inataka usijue kamwe. Inarekodi unachochapa, inapiga picha za skrini, inakusanya nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari pamoja na vidakuzi, yaani zile alama zinazoiambia tovuti kwamba tayari umeingia. Hili la vidakuzi halifahamiki vya kutosha. Mwizi akikiiba kidakuzi kilicho hai anaweza kuingia kwenye akaunti yako bila kuulizwa nywila wala ile namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye simu. Nakala ya mafaili yako haikusaidii chochote hapa, maana hakuna kilichoharibika. Kinachotakiwa ni kutumia kifaa kingine kilicho safi, kubadilisha nywila kuanzia ya barua pepe, na kubofya ile sehemu ya kuondoka kwenye vifaa vyote.

Ipi ni mbaya zaidi? Kwa mtu asiye na nakala, mdai fidia. Kwa mwenye nakala nzuri, jasusi ndiye wa kuogopa, kwa sababu mdai fidia anakuibia siku kadhaa na jasusi anaweza kukaa miezi akisoma kila kitu.

Kuna jasusi mwingine asiyekuja kwa barua pepe: yule anayewekwa kwenye simu na mtu wa karibu aliyeishika kwa dakika chache. Ukimshuku, na kama mtu huyo ana tabia ya kukutisha au kukudhuru, usikimbilie kufuta. Ikifutika atajua papo hapo. Tafuta kwanza msaada na mahali salama, ukitumia simu ya mtu mwingine.

Zinazojificha, na zisizo kwenye kompyuta

Rutikiti ni ufundi wa kujificha unaoambatana na nyingine zote. Inaingia chini kabisa ya mfumo endeshi na kuufanya useme uongo: ukiuliza mafaili yaliyopo, mfumo unaorodhesha yote isipokuwa yale. Mwaka 2005 iligundulika kwamba baadhi ya CD za muziki za Sony BMG zilikuwa zinaweka programu ya aina hiyo kwenye Windows ili kuzuia kunakili. Ilificha kila faili lililoanza na $sys$, na waandishi wa virusi wakaanza kuyaita mafaili yao kwa jina hilo ili yafichwe bure. Zipo pia zisizoandika faili kabisa, zinazoishi kwenye kumbukumbu na kuzitumia zana halali za Windows zenyewe. Kwa zote mbili siamini usafishaji unaofanywa ndani ya mfumo uleule ulioingiliwa. Chunguza kwa kuwashia mashine kutoka flashi safi, au futa diski na usakinishe upya. Ni haraka kuliko kubishana na mfumo unaokudanganya.

Matangazo yanayojitokeza kwenye kivinjari ni jambo jepesi zaidi. Anza na orodha ya viendelezi vya kivinjari, yaani programu ndogo zilizoongezwa ndani yake, ondoa usivyovitambua, na mara nyingi yameisha.

Ruta na kamera za mtandao zinasahaulika. Mirai, ya mwaka 2016, ilipita kwenye intaneti ikijaribu orodha ya majozi kama 60 ya jina na nywila za kiwandani. Vifaa vilivyoachwa na nywila hizo viligeuka jeshi, na tarehe 21 Oktoba 2016 vilielekezwa kuishambulia kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikielekeza majina ya tovuti kwenye anwani zake, mpaka tovuti kubwa kama Twitter na Netflix hazikufikika kwa saa kadhaa kwa watumiaji wengi. Hakuna programu ya kuzuia virusi ya kuweka kwenye kamera. Kinga ni kubadilisha nywila ya kiwandani siku ya kwanza, na kusasisha.

Uanze na ipi?

Kama mashine yako inapokea masasisho na unaitumia kwa kazi za kawaida, fanya nakala kabla ya yote. Kanuni inayotumiwa na mafundi ni nakala tatu, kwenye aina mbili za vifaa, moja ikiwa mahali pengine. Kama tatu ni nyingi kwako, anza na diski moja ya nje unayoichomeka, unanakili, unaichomoa. Kwa Windows, Microsoft Defender inayokuja na mfumo inamtosha mtumiaji wa nyumbani. Kuweka programu mbili za kuzuia virusi kwa pamoja ni kuzigombanisha, na mashine ndiyo inayoumia. Ukitaka kujua kama ya kwako iko macho, lipo faili la majaribio la EICAR, mstari wa herufi 68 usio na madhara yoyote, ambao programu za kuzuia virusi zimekubaliana kuupigia kelele.

Kama mashine ni ya zamani na mfumo wake haupati tena masasisho, fahamu kwamba programu ya kuzuia virusi haizibi matundu. Usaidizi wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Chaguo ni kujiandikisha kwenye masasisho ya usalama ya nyongeza kwa anayestahili, kuhamia mfumo mwepesi unaosasishwa kama Linux, au kuiweka mashine hiyo nje ya intaneti kabisa. La mwisho ni zuri kuliko linavyosikika kama kazi yake ni kuchapa na kuchapisha tu.

Anayepokea flashi za watu atangulize kuonyesha viishio na kuchunguza flashi kabla ya kuifungua. Anayesimamia kompyuta nyingi kwenye mtandao mmoja atangulize masasisho, maana mnyoo ukiingia moja umeingia zote, halafu awaondolee watumiaji mamlaka ya usimamizi kwenye akaunti za kila siku. Programu hasidi inafanya kazi kwa mamlaka ya aliyeifungua. Akiwa hana ruhusa ya kusakinisha, nyingi zinakwama palepale. Anayefanya shughuli zake zote kwenye simu asisakinishe kitu nje ya duka rasmi, na programu inayoomba ruhusa za ufikivu aiulize mara mbili, kwa kuwa ruhusa hizo zinaiwezesha kusoma skrini na kubofya kwa niaba yake.

Na kama imekwisha kuingia, hatua ya kwanza inategemea aina. Mnyoo: chomoa mtandao, pata sasisho kwa mashine nyingine, weka, ndipo urudi. Mdai fidia: chomoa mtandao na diski zote za nje mara moja, usilipe haraka, hifadhi ule ujumbe na faili moja lililosimbwa, kisha upeleke kwenye tovuti ya No More Ransom, iliyoanzishwa mwaka 2016 na polisi wa Ulaya na Uholanzi pamoja na kampuni za usalama, inakotolewa bure funguo za baadhi ya aina. Jasusi: usibadilishe nywila yoyote kwenye kifaa hichohicho. Na kwa aina zote, nakala unayoirudisha baada ya kusafisha ichunguze kwanza, hasa hati na programu, kabla hujaifungulia kwenye mfumo mpya.